Kimya cha gesi si ushahidi

Leo tuache kidogo habari za simu na programu. Ukiwa hapa Ruiru au Thika siku yenye anga safi, utauona mlima Kilimambogo. Wengi wanaujua kwa nyati wake. Wachache wanajua kwamba huko kuna kituo PS24 cha kupima mitetemo ya ardhi, kimoja katika mtandao wa dunia nzima unaosimamia CTBT, mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia. Kenya iliuridhia mwaka 2000.

Kituo hicho ni sikio. Bomu likilipuliwa chini ya ardhi hata ng'ambo ya dunia, mtetemo wake husafiri kwa dakika tu. Lakini sikio haliwezi kuapa kwamba mlipuko ulikuwa wa nyuklia na si shehena ya baruti. Hapo inatakiwa pua, yaani mitambo ya kunasa gesi kama zenoni, ambayo huzaliwa atomi zinapopasuka na haishikamani na kitu njiani.

Gesi hiyo hutokaje mita mia kadhaa chini? Hupanda kwenye nyufa, na anayeivuta ni hali ya hewa. Dhoruba ikija, kanieneo ya hewa hushuka na gesi hupanda. Kanieneo ikirudi, gesi husukumwa chini, lakini sehemu yake huwa imejificha kwenye vitundu vya mwamba, na safari ijayo huanzia hapo. Ni kama kupanda ngazi.

Mwaka 1993 Wamarekani walijaribu jambo hili Nevada. Walilipua takriban kilotoni 1 ya baruti ya kawaida, kina cha mita 400 hivi, pamoja na chupa za gesi mbili. Salfa heksafloridi, iliyo nzito, ilionekana juu baada ya siku 50. Heliamu-3, iliyo nyepesi mno, ilichukua siku 375! Nyepesi hupotelea haraka zaidi kwenye vitundu vya mwamba.

Sasa tazama Korea Kaskazini. Jaribio la Oktoba 2006 lilikuwa dogo, lakini zenoni ilinaswa Yellowknife, Kanada, wiki mbili hivi baadaye. La Mei 2009 lilikuwa kubwa zaidi, na hakuna zenoni iliyonaswa. La Februari 2013 lilinaswa Takasaki, Japani, siku 55 baadaye.

Msimamo wangu ni huu: anayesema "hakuna gesi, basi hakuna bomu" anafanya kosa ambalo mwanafunzi wa hifadhidata hukanywa mapema. Uga mtupu si sifuri. Tena kinyume chake pia ni kweli, kwani viwanda vinavyotengeneza dawa za nyuklia za hospitali hutoa zenoni kila mara. Kipimo bila modeli hakisemi lolote.

Hili linatuhusu vipi? Mkataba bado haujaanza kutumika. Ukianza, Baraza lake Tendaji litakuwa na nchi 51, kumi kati yao za Afrika, na kura 30 ndizo zitakazoruhusu wakaguzi kwenda kuchimbua ukweli. Siku Kenya ikiketi hapo, nani ataisomea takwimu? Wakaguzi nao hukimbizana na muda: zenoni-133 hubaki nusu kila siku tano hivi, argoni-37 kila siku 35. Ukichelewa, ushahidi umekwisha.

Nchi wanachama zina haki ya kupata data za mtandao huo wote. Modeli rahisi ya ufa mmoja na faili la kanieneo ya hewa inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Vyuo vyetu vinafurika miradi ya mwaka wa mwisho ya kusimamia maktaba na maduka. Wape wanafunzi kumi ufa huo badala yake. Tumeazima dunia sikio, tusiombe wengine watufasirie kinachosikika.

Mwaonaje, wenzangu?