Mpika pombe naye ana haki ya kukaa kilabuni

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo huku kwetu Korogwe, na kwa jirani zetu wa Handeni, limekuwa kero. Ni hili la kumwona mwanamke aliyekaa kilabuni na wenzake akinywa boha kuwa ni mhuni, wakati mwanamume aliyekaa benchi hilo hilo tangu saa nane mchana huitwa mzee wa heshima.

Kwanza nijieleze, ili wasomaji wajue anayesema ni nani. Mimi ni mpika pombe wa Manundu, mjane, na kwa kazi hii nimesomesha watoto wangu wote. Tupo wanawake tisa tunaocheza upatu pamoja. Kila mwisho wa mwezi, ikiwa hakuna msiba, tunachanga nauli na kwenda kuwatembelea wapika pombe wenzetu. Mara tunakwenda Mombo, mara Magoma, mara tunavuka upande wa Handeni hadi Sindeni au Mkata. Tunakaa, tunaonja kilichopikwa, tunaulizana bei ya miwa na ya kuni, tunacheka, na kabla jua halijazama tumekwisha panda gari kurudi makwetu. Hayo ndiyo makosa yetu yote.

Miezi michache iliyopita tulikuwa katika kilabu kimoja upande wa Handeni, ambacho sitakitaja. Mgambo mmoja alituijia akauliza waume zetu wako wapi na nani aliyetupa ruhusa ya kukaa pale. Humo ndani walikuwamo wanaume wasiopungua ishirini, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa mke wake yuko wapi. Sisi tuliambiwa tununue, tufungiwe kwenye madumu, tukanywee kwetu. Yaani fedha yetu ilikuwa safi, wachafu tulikuwa sisi. Mwenye kilabu, naye ni mwanamke, aliinamisha kichwa asiseme neno kwa kuwa anaiogopea leseni yake. Wala simlaumu.

Sasa nawauliza ndugu wasomaji: hiyo boha inayonywewa imepikwa na nani? Wasioijua, boha ni pombe ya miwa. Miwa humenywa, hutwangwa, hukamuliwa, na maji yake huachwa mtungini au kwenye pipa yachache. Atwangaye anajua maumivu ya mabega. Huku mjini kwetu kazi hiyo wengi wanaoifanya ni akina mama. Ni hao hao wanaoamka alfajiri kuchota maji, ni hao hao wanaochuja, ni hao hao wanaokopesha na kukumbuka nani anadaiwa. Katika mashamba ya mkonge ya Ngombezi na Magunga, enzi za manamba waliotoka pande zote za nchi, ni wanawake hawa waliowapikia pombe watu waliokuwa mbali na kwao. Leo mpishi wa chakula akionja mchuzi wake tunasema ni mpishi mzuri. Mpishi wa pombe akionja ya mwenzake, eti amepotoka!

Na kuonja si anasa tu, ingawa sikatai kwamba tunafurahi. Boha ni pombe hai. Leo ni tamu, kesho imekuwa kali, keshokutwa imegeuka siki na haifai hata kumpa adui. Haiwekwi dukani ikasubiri mteja kama bia ya chupa. Kwa hiyo mpika pombe asiyekwenda kukaa na wenzake hajui kama yake ni nzuri au watu wanainywa kwa kukosa nyingine. Ilikuwa katika matembezi hayo upande wa Handeni, ambako asali haina shida, kwamba mmoja wetu alijifunza kupika wanzuki isiyoumiza kichwa. Hakuna semina iliyomfundisha. Alifundishwa benchini, na mama mmoja wa Kizigua aliyemwambia bila kuficha kuwa ya kwake anaiharakisha.

Wenzetu wa Uingereza wana bia ya namna hii yetu, isiyoongezwa gesi, inayoendelea kuchacha ndani ya pipa mpaka inapomiminwa. Bia za viwanda vikubwa zilipokaribia kuifuta kabisa, mwaka 1971 wanaume wanne walianzisha chama cha kuitetea, kinachoitwa CAMRA, na chama hicho kipo hadi leo. Kinatetea pia saida, yaani pombe ya matofaa. Saida ni ndugu wa boha, kwa kuwa nayo ni tunda kukamuliwa na maji yake kuachwa yachache. Huko wapo wanawake wanaopanga siku, wakakutana, wakatembelea baa kuonja bia na saida kama sisi tunavyotembelea vilabu, na hawaulizwi waume wao.

Lakini nao hawakupewa hayo bure. Katika Fleet Street, mtaa wa London uliokuwa maarufu kwa magazeti, palikuwa na baa ya mvinyo iitwayo El Vino. Hapo mwanamke hakuhudumiwa akiwa amesimama kaunta. Ilimpasa akakae nyuma aletewe. Wanawake wawili, mwanasheria Tess Gill na mwandishi wa habari Anna Coote, waliipeleka baa hiyo mahakamani, na mwaka 1982 Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa ule ni ubaguzi. Kwa hiyo anayedhani kuwa kumfukuza mwanamke penye kinywaji ni mila ya Kiafrika peke yake, ajue Wazungu nao walikuwa nayo na wakashindwa mahakamani.

Na hapa kwetu je? TANU ilipotafuta wanachama wanawake mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed aliwafuata akina mama wa Dar es Salaam katika vikundi vyao vya ngoma, na wapika pombe walikuwa miongoni mwa walioitikia. Walikuwa na fedha zao, na walizoea kukaa na watu. Siku hiyo hakuna aliyewaambia kuwa mwanamke wa pombe hafai kwa Taifa.

Najua watakaonijibu. Wapo watakaosema dini inakataza. Ni kweli, na huku kwetu Waislamu ni wengi, nawaheshimu, na wapo Wakristo pia wasiogusa kileo. Siwaiti kilabuni. Nasema tu kwamba katazo hilo halikuandikwa kwa mwanamke peke yake, na sijamwona mgambo akiwatoa wanaume kwa sababu ya dini. Wapo watakaosema mama mlevi huharibu nyumba. Baba mlevi naye huijenga? Ulevi ni mbaya kwa yeyote, na katika kundi letu anayezidisha huambiwa na wenzake, tena kwa maneno makali kuliko ya mgambo. Tulikwisha kumsimamisha mmoja matembezi miezi mitatu.

Jambo linaloniuma zaidi, Ndugu Mhariri, ni lile lisilosemwa. Mwanamke aliyefukuzwa kilabuni hakuacha kunywa. Anamtuma mtoto na chupa iliyofunikwa kanga, kisha anakunywa jikoni peke yake, mlango umefungwa. Na hapo hanywi boha, maana boha hunywewa kwa lita na harufu yake inajaza nyumba. Kinachofichika kirahisi ni gongo, ambayo sheria ya mwaka 1966 ilikataza kuitengeneza bila leseni lakini kila mtaa unajua inapopatikana. Zamani vilikuwapo na viroba, vinaingia hata kwenye pindo la kanga, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku mwaka 2017. Nilikuwa na jirani, mke wa mtu mwenye jina lake, ambaye hakuwahi kuonekana kilabuni hata siku moja. Watu walimsifu kwa hilo. Tulimzika mwaka juzi, na sisi tuliosafisha chumba chake ndio tuliozitoa chupa chini ya kitanda. Angekaa nasi benchini, mmoja wetu angemwona anavyovimba miguu na angemshika mkono kumpeleka hospitali.

Ninachowaomba viongozi wahusika ni kidogo. Vilabu vinalipa ushuru. Basi sehemu ya ushuru huo ijenge choo cha wanawake chenye mlango unaofungika, kwani katika vilabu vingi tunavyovijua mwanamke hulazimika kwenda porini, na huko ndiko anakokutana na hao wahuni wanaosemwa. Pia mgambo waelezwe kuwa Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inahusu leseni na saa za kuuza. Haina kifungu kinachomtaka mteja aje na mumewe. Na wenye vilabu, wengi wakiwa wanawake wenzetu, wasiogope kusema hivyo mbele ya watu.

Mwisho wa mwezi ujao sisi tisa tunakwenda Mkata, Mungu akipenda. Tutaondoka kabla ya magharibi. Anayetaka kuhesabu vikombe vyetu anakaribishwa, ila ajinunulie chake.

Mpika Boha,
Manundu, Korogwe.