Kadutu: msingi na maji kwanza, karo baadaye

Kiangazi kikifika, Kadutu inageuka uwanja wa mafundi. Kutoka Nyamugo mpaka Cimpunda unapishana na vijana waliobeba mifuko ya simenti, wamama wanaopandisha mchanga kichwani, na mbao za zamani zilizotupwa kando ya njia. Mtu mwenye nyumba aliyoachiwa na baba yake amepata dola kidogo, na anataka kuziona ukutani kabla mvua ya mwezi wa tisa haijarudi.

Hatumlaumu. Nyumba za mbao zilizobanana zinapokezana moto: ukianzia kwa jirani unachukua safu nzima, na gari la zimamoto halina pa kupita. Anayetoa mbao akaweka matofali analinda watoto wake na wa jirani. Tena viwanja vipya viko mbali na mji, na mama anayeuza sokoni Kadutu hawezi kulipa usafiri kila asubuhi.

Shida ni mahali pesa inapoanzia. Inaanzia mbele: karo, rangi, mlango wa chuma, kisha chumba juu kwa ajili ya mpangaji. Msingi uliochimbwa kwa nyumba ya mbao na manjanja unabebeshwa ukuta wa matofali, na baada ya mwaka unabebeshwa dale. Udongo wetu wa mfinyanzi ukinywa maji unalegea, ukikauka unapasuka. Kule Funu mlima wenyewe unateleza polepole, na watafiti wamekuwa wakiupima kwa miaka. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la kipimo cha karibu 6 liliangusha nyumba na kupasua kuta nyingi Bukavu. Kuna nyufa ambazo tangu hapo zimepakwa rangi tu.

Halafu kuna maji ya paa, ambayo ndiyo ugomvi mkubwa wa majirani. Paa jipya ni pana kuliko la zamani, halina mfereji, na maji yote yanamwagikia msingi wa jirani wa chini. Mtaa wetu ni mlima: kosa la wa juu linalipwa na wa chini. Mfereji wa manjanja na pipa la kukingia havifikii bei ya karo za sebule. Na mahali ambapo robine inakauka siku nyingi, pipa hilo litafua nguo za nyumba nzima.

Njia nayo inamezwa. Nyumba ya zamani iliacha nafasi ya watu wawili kupishana. Ukuta mpya unasogea kidogo, wa ng'ambo naye anasogea kidogo. Siku ya msiba ndipo avenyi nzima inagundua kwamba sanduku halipiti ila kwa kuinuliwa juu ya vichwa.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Mwenye parseli ana haki ya kuitumia. Vizuri. Basi mwenye ardhi asionekane tu siku ya kutoza. Wengi wanajenga usiku na Jumapili kwa sababu wanamwogopa wakala kuliko wanavyoogopa ukuta kuanguka. Tunaiomba komine mambo mepesi: kwa anayerekebisha nyumba iliyokuwepo tayari, bei ya ruhusa ibandikwe mlangoni mwa ofisi, na mtu anayejua ujenzi aje kutazama msingi kabla simenti haijamwagwa. Akija baada ya dale kukauka, kinachobaki ni kujadiliana faini. Shefu wa avenyi naye awaite jirani wa juu na wa chini wakae pamoja na mwenye kujenga, waonyeshane maji yatapita wapi.

Kwa anayesubiri fundi wiki hii: kabla ya kununua tofali la kwanza la etaji, chimba pembeni mwa ukuta wako uone msingi umeshuka kiasi gani. Ni kazi ya nusu siku, na jembe unaweza kuazima.