KONA YA MWALIMU: Shamba la watu si njia ya mkato

 

Likizo kubwa inakaribia. Najua ziko familia ambazo zimeshaomba karatasi ya ruhusa ili kwenda Bujumbura kuwasalimia ndugu walioko Buyenzi, Bwiza au Kinama. Na mkishafika Bujumbura, siku ya Jumapili watoto hawakubali kukaa nyumbani. Mmoja anataka kuona viboko wa Rusizi. Mwingine anataka kupanda vilimani aone ziwa Tanganyika liko chini yake, na ng'ambo milima ya kwetu Uvira. Ni vizuri, macho nayo yanahitaji chakula. Lakini kabla hamjatoka nawaomba msome haya, juu mimi mwenyewe nilipata aibu huko.

Ilikuwa likizo ya Pasaka. Nilikuwa na watoto 11, tunapanda kilima kimoja juu ya mji. Njia ilikuwa inazunguka sana. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, tupite huku, iko karibu." Jua lilikuwa kali, nami sikukataa. Tukakata katikati ya shamba, mmoja nyuma ya mwenzake. Yalikuwa maharage ya impeshi, yale yanayopandwa mwezi wa pili au wa tatu na kuvunwa mwezi wa sita. Yalikuwa yameanza kutoa maua. Tulipofika kwenye chemchemi, watoto wakaosha miguu palepale maji yanapotokea.

Mara akatokea mama mzee, jembe begani. Hakupiga kelele. Alitusalimia "Amahoro", tukaitikia. Akauliza kwa Kirundi tumetoka wapi. Mtoto mmoja akajibu haraka: "Turi impunzi," yaani sisi ni wakimbizi. Alisema vile kama mtu anayeonyesha karatasi ya ruhusa kwa polisi. Na mimi, niseme kweli, nilifurahi kwamba amesema hivyo. Nilifikiri atatuonea huruma, mambo yataisha.

Kumbe yule mama akatujibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. "Mwanangu, mimi nilikuwa mkimbizi Kigoma miaka mingi. Hiki Kiswahili nilikipata kambini. Mkimbizi ni mtu anayejua njaa. Sasa anayejua njaa anakanyagaje chakula cha mwenzake?"

Nilikosa neno. Nikaomba msamaha kwanza mimi niliye mkubwa, kisha watoto mmoja mmoja. Nikauliza tulipe nini. Akasema pesa hataki, na ua lililovunjika halirudi. Akaingia ndani ya rugo lake, akatoka na majembe mawili. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa siku ya kwanza, na ilikuwa haki yetu! Tulipokezana mpaka saa nane, tukiinua mashina yaliyolala na kuyapandishia udongo. Yaliyovunjika kabisa tuliyahesabu: 37. Nikawaambia watoto wafanye hesabu. Kama kila shina lingetoa maganda kumi, na kila ganda punje nne, ni punje 1,480. Hicho ni chungu cha familia, tumekimaliza kwa miguu katika dakika mbili. Tulipomaliza kulima alitugawia viazi vitamu vya kuchemsha. Hapo ndipo nilipoona haya zaidi.

Ndugu zangu, kosa letu lilianzia wapi? Tulifikiri mashambani ni mahali pasipo na mwenyewe. Burundi ni nchi ya kilomita za mraba 27,834 tu, na watu wake wamepita milioni 12. Hapa hakuna uwanja mtupu. Kila kipande unachokiona kina mtu anayekitegemea. Basi nimeandika mambo machache tushike, wakubwa kwa wadogo.

Njia. Fuata njia iliyoko, hata ikizunguka, na mtembee mmoja nyuma ya mwenzake. Ukipotea, uliza. Mtu akikuambia hapa hapapitwi, usibishane naye, rudi.

Matete kwenye miteremko. Mtaona mistari ya majani marefu imepandwa kukata kilima kwa upana, pamoja na mifereji. Watoto wanapenda kuruka juu yake na kukata fimbo. Wakatazeni. Majani yale yanashika udongo mvua ikinyesha. Yakiharibika, udongo na maji vinashuka mpaka Bujumbura. Walioko kata za kaskazini wanakumbuka usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014: maji na matope yalishuka kutoka vilimani, watu zaidi ya 50 wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Kwa hiyo kinachofanyika juu kinawafikia ndugu zako walioko chini.

Maji. Kwenye chemchemi tunachota tu. Kunawa, kufua na kuosha miguu ni mbali, upande wa chini. Choo ni mbali zaidi, na ufukie. Kipindupindu tunakijua tangu kwetu, wala hapa kandokando ya ziwa si mgeni.

Moto na kuni. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa nyasi zimekauka. Usiwashe moto porini. Kama mwenyeji amekuruhusu kuchemsha chai, zima kwa maji, koroga majivu, gusa kwa mkono uone kama yamepoa. Mikaratusi iliyo juu ya vilima nayo imepandwa, ina mwenyewe au ni ya serikali. Usikate hata tawi bila kuuliza.

Wanyama. Usifungue kamba ya mbuzi wa mtu, usitupie ng'ombe mawe. Kule Rusizi pitieni kwanza kwa walinzi wa hifadhi, mlipe kiingilio na mwende na mtu wao. Kiboko anakula majani, ndiyo, lakini ana hasira. Mchana anakaa majini, jioni anatoka kwenda kula, hata pembeni mwa mji wa Bujumbura anaonekana ufukweni. Usisimame kamwe kati yake na maji. Mamba nao wapo, kwa hiyo mtoto asichezee ukingoni. Na usimkaribie mnyama kwa sababu ya picha. Watu pia: omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha akiwa shambani kwake.

Takataka. Mlichokuja nacho mrudi nacho. Mbuzi akimeza sashe ya plastiki anaweza kufa. Tena serikali ya Burundi ilitoa amri ya kukataza mifuko hiyo mwaka 2018. Bebeni kapu.

Salamu. Hii ndiyo ya kwanza, ingawa nimeiweka mwisho. Asubuhi sema "Mwaramutse", jioni "Mwiriwe", na "Amahoro" wakati wowote. Mtu uliyemsalimia kwanza atakuonyesha njia. Mtu uliyempita kimya atakuuliza unatafuta nini kwake.

Wazazi, niwaambie neno moja la mwisho. Mtoto wa mwenyeji akiharibu shamba, watu wanasema "mtoto wa fulani". Mtoto wetu akiharibu, wanasema "wakimbizi". Jina hilo tunalibeba wote, hata bibi aliyelala hemani ambaye hajawahi kufika huko. Si haki, lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo tukikosea tusijifiche nyuma ya ukimbizi. Tuombe msamaha, tushike jembe. Yule mama alituonyesha kwamba ugomvi unaweza kuisha kabla ya saa nane mchana, bila kufika kwa wazee wa kilima wala polisi.

Zoezi la mwezi huu: kila familia ikae jioni moja, kila mtu aseme chakula alichokula leo kilitoka katika shamba la namna gani na kilichukua miezi mingapi. Wadogo wachore.

Halafu, maharage ya yule mama yanakaribia kuvunwa. Wanafunzi watatu wameshaniomba twende kumsaidia. Anayetaka kuja alete ruhusa ya mzazi kabla ya Ijumaa. Safari hii tutapita njia inayozunguka.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu