Kujitolea Kuokoa Wanyamapori: Funzo la Simba wa Afrika Kusini kwa Wageni na Wenyeji

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka maelfu ya vijana wa Ulaya, Marekani na Australia wanaohitimu elimu ya sekondari huahirisha masomo ya chuo kikuu kwa mwaka mmoja ili kusafiri na kufanya kazi za kujitolea katika nchi za mbali. Miongoni mwa kazi zinazowavutia zaidi ni kuhudumia wanyama katika vituo vya kuokoa wanyamapori, na bara la Afrika limekuwa mwenyeji mkubwa wa safari hizo. Kijana hujilipia nauli, hulipa ada ya malazi na chakula, kisha hutumia wiki kadhaa akisafisha mabanda, akiandaa chakula cha wanyama na, katika baadhi ya vituo, akimnywesha mtoto wa simba maziwa kwa chupa.

Picha ya kijana aliyempakata mtoto wa simba ndiyo inayouza safari hizo kuliko tangazo lolote. Picha hiyohiyo ni sehemu ya shauri zito ambalo Serikali ya Afrika Kusini imekuwa ikilishughulikia kwa miaka kadhaa, na ambalo lilifikia hatua muhimu Machi 2024, Baraza la Mawaziri la nchi hiyo lilipoidhinisha sera yenye lengo la kufikisha ukomo wa ufugaji wa simba kwa ajili ya biashara. Tanzania, ikiwa nchi yenye simba wengi wa porini kuliko nchi nyingine yoyote duniani, ina kila sababu ya kuufuatilia uamuzi huo, kwa kuwa unahusu swali ambalo kila nchi inayopokea wageni wa kujitolea italazimika kulijibu: katika kituo kinachojiita cha kuokoa wanyama, ni nani hasa anayeokolewa, na ni nani anayenufaika?

Huruma iliyogeuzwa mtaji

Ili kuelewa kilichotokea Afrika Kusini, ni vema kuanza na maumbile ya simba mwenyewe. Simba jike hubeba mimba kwa takribani siku 110, na porini watoto wake hukaa naye kwa karibu miaka miwili kabla hajazaa tena. Lakini watoto wakiondolewa wakiwa bado wachanga, mama huingia tena kwenye joto mapema na anaweza kuzaa mara nyingi zaidi ya ilivyo kawaida. Baadhi ya wafugaji wa simba waliifahamu siri hiyo ya maumbile na kuigeuza kuwa utaratibu wa uzalishaji.

Watoto walioondolewa kwa mama walihitaji mikono ya kuwalea usiku na mchana. Mikono hiyo ilipatikana bila mshahara, tena ikiwa imelipia nafasi ya kufanya kazi hiyo. Wageni wa kujitolea walielezwa kuwa watoto hao ni yatima, au kwamba mama zao wamewakataa, na kwamba siku moja watarejeshwa porini. Walipofikisha umri wa miezi kadhaa na makucha yao kuanza kuwa ya hatari, baadhi walitumika katika matembezi ya watalii. Walipokomaa, baadhi waliuzwa kwa ajili ya uwindaji ndani ya uzio, mahali ambapo mnyama hana pa kukimbilia, na mifupa yao ikasafirishwa kwenda kwenye masoko ya Asia. Mwaka 2015 filamu ya uchunguzi iitwayo Blood Lions iliuonesha ulimwengu mnyororo huo, na vijana wengi waliorejea makwao wakiamini kuwa wameokoa simba walibaini kuwa walikuwa wakifanya kazi katika hatua ya kwanza ya biashara hiyo.

Si kila kituo cha simba nchini humo kiliendeshwa kwa namna hiyo. Hata hivyo, ukubwa wa jambo lenyewe haukuweza kupuuzwa. Makadirio yanaonesha kuwa Afrika Kusini ina simba wa kufugwa wapatao 8,000 katika vituo zaidi ya 300, idadi inayozidi mara mbili ile ya simba wake wa porini. Mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ulifanyika Johannesburg mwaka 2016 na kuitaka Afrika Kusini iweke ukomo wa mifupa ya simba wa kufugwa inayosafirishwa nje. Mwaka 2017 ukomo uliwekwa kuwa mifupa ya simba 800, na mwaka 2018 ukapandishwa hadi 1,500. Mwaka 2019 mahakama nchini humo iliamua kuwa viwango hivyo viliwekwa kinyume cha sheria, kwa kuwa ustawi wa wanyama wenyewe haukuzingatiwa.

Mei 2021, Waziri mwenye dhamana ya mazingira wakati huo, Barbara Creecy, alitangaza hadharani ripoti ya jopo la ngazi ya juu lililochunguza suala hilo, na kueleza nia ya Serikali kusitisha ufugaji wa simba wa kibiashara pamoja na utalii wa kuwashika watoto wa simba. Baadaye kiliundwa kikosi kazi cha kuwasaidia wafugaji kujiondoa katika biashara hiyo kwa hiari. Hapo ndipo gharama ya kuchelewa ilipodhihirika. Simba wapatao 8,000 hawawezi kuachiwa porini, makazi ya kudumu yenye nafasi na fedha za kuwahudumia wote hayapo, na wafanyakazi wa mashamba hayo wanahitaji riziki mbadala. Suluhisho zilizojadiliwa ni pamoja na kuwaua baadhi yao kwa njia isiyo ya mateso. Jambo lililoanza kwa chupa ya maziwa limeiachia nchi mzigo ambao hakuna njia nyepesi ya kuutua.

Kwa nini mkono wenye upendo huweza kudhuru

Kiini cha tatizo hakipo katika udanganyifu peke yake. Hata kama kila mtoto wa simba angekuwa yatima wa kweli, malezi ya kupakatwa na wageni wanaobadilika kila baada ya wiki mbili yangemharibia nafasi ya kurudi porini. Simba aliyezoea binadamu huacha kumwogopa, na simba asiyemwogopa binadamu ni hatari kwa mfugaji na kwa watoto waendao shule katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Kwa maneno mengine, kitendo kilekile anacholipia kijana wa kujitolea ndicho kinachomnyima mnyama uhuru alioahidiwa.

Urejeshaji wa simba uliofanikiwa umefuata njia tofauti. Rwanda, ambayo simba wake walitoweka baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ilipokea simba 7 kutoka hifadhi za Afrika Kusini mwaka 2015 na kuwaachia katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera. Hao walikuwa simba waliojua kuwinda na kuishi kama kundi, na tangu wakati huo wameongezeka. Kazi hiyo haikuhitaji mgeni wa kuwabembeleza. Ilihitaji uzio imara, madaktari wa wanyamapori, askari wa hifadhi na wananchi jirani waliokubaliana na mpango huo.

Jirani zetu Kenya wana mfano mwingine wenye mafunzo. Taasisi ya Sheldrick, iliyoanzishwa mwaka 1977, hulea ndama wa tembo walioachwa yatima na ujangili, ukame au ajali, na hatimaye huwarejesha katika makundi ya porini huko Tsavo. Kazi ya kuwanywesha maziwa kila baada ya saa chache na kulala nao bandani usiku hufanywa na walezi walioajiriwa na kufundishwa kwa ajili hiyo. Mwasisi wake, Daphne Sheldrick, alijifunza kwa uchungu kuwa ndama aliyemzoea mtu mmoja anaweza kuhuzunika hadi kufa mtu huyo anapoondoka, na ndiyo maana walezi hupokezana kwa zamu ili ndama awategemee wote. Ndama huyo huchukua miaka mingi kabla ya kuwa tembo wa porini kamili. Kwa mantiki hiyo, mgeni anayekaa siku 14 hawezi kuwa mlezi wake, hata awe na moyo mwema kiasi gani.

Kwa upande wa sokwe, hali ni ngumu zaidi. Kituo cha Sweetwaters nchini Kenya kilifunguliwa mwaka 1993 kupokea sokwe waliohamishwa kutoka Bujumbura kutokana na vita nchini Burundi, na Kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kimekuwa makazi ya sokwe yatima tangu mwaka 1998. Wengi wa wanyama hao hawatarudi msituni kamwe, na sokwe anaweza kuishi zaidi ya miaka 40, hivyo kumpokea mmoja ni kuubeba wajibu wa miongo kadhaa. Ndiyo sababu kituo makini cha sokwe hudhibiti uzazi badala ya kuuhimiza, kwani kila mtoto anayezaliwa kizuizini huchukua nafasi ya yatima atakayeokolewa kesho.

Aidha, sokwe huambukizwa maradhi yetu. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma, walikumbwa na ugonjwa wa kupooza unaofahamika kwa binadamu kama polio. Mwaka 2013, katika Hifadhi ya Kibale nchini Uganda, kirusi kinachosababisha mafua ya kawaida kwa binadamu kiliua sokwe 5 katika kundi moja la sokwe 56. Mafua ambayo mgeni huyapuuza kwa siku tatu yanaweza kuwa msiba kwa kundi zima. Kituo kinachomruhusu mtu kumkumbatia sokwe siku ileile aliyoshuka kwenye ndege kinaonesha kuwa hakijali afya ya sokwe wala ya mgeni.

Nafasi ya kujitolea na matakwa ya sheria

Kutokana na hayo, mtu anaweza kuhitimisha kuwa kujitolea hakuna maana. Hitimisho hilo si sahihi. Vituo vya kweli vina bajeti finyu na kazi nyingi zisizoonekana kwenye picha: kukata majani, kujenga na kukarabati uzio, kuosha vyombo vya kulishia, kutunza kumbukumbu, kufunga umeme wa jua, kusimamia hesabu na kutoa elimu mashuleni. Daktari wa mifugo, fundi au mhasibu anayejitolea kwa miezi sita huacha ujuzi nyuma yake. Hata kijana asiye na taaluma ana mchango, mradi akubali kuwa kazi yake ni kumwezesha mlezi wa kudumu, na kwamba kukaa mbali na mnyama ni sehemu ya huduma yenyewe.

Hapa nchini, msingi wa kisheria uko wazi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inatamka kuwa wanyamapori ni mali ya umma, iliyo chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo, anayemwokota mtoto wa mnyamapori hapati haki ya kumfuga, kumwonesha kwa ada wala kumkabidhi mgeni amlee. Wajibu wake ni kutoa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya au kwa mamlaka ya hifadhi iliyo karibu. Aidha, mgeni anayekuja kujitolea anapaswa kuwa na kibali kinachoruhusu shughuli hiyo, kikiwemo kibali cha ukaazi daraja C kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji kwa makundi yanayojumuisha wafanyakazi wa kujitolea. Kuingia kama mtalii kisha kufanya kazi kituoni ni kukiuka masharti ya kuingia nchini, na mwenyeji anayefumbia macho jambo hilo hukiweka kituo chake matatani.

Lipo pia suala la ajira. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kimekuwa kikitoa wataalamu tangu mwaka 1963, na Pasiansi jijini Mwanza inaandaa askari na wahifadhi. Kituo kinachotegemea wageni wanaolipa ili wafanye kazi ambayo mhitimu wa vyuo hivyo angeajiriwa kuifanya, kinapata fedha leo lakini hakijengi uwezo wa kesho. Mgeni anapaswa kuongeza nguvu mahali palipo na walezi Watanzania, si kuwa mbadala wao.

Kijana anayekusudia kujitolea, awe Mtanzania anayekwenda nje ya nchi au mgeni anayekuja kwetu, ana maswali machache ya kuuliza kabla ya kulipa chochote. Wanyama hawa wametoka wapi, na je, zipo nyaraka za mamlaka zinazothibitisha hivyo? Je, wanazalishwa hapa, na kwa madhumuni gani? Waliokuwepo miaka mitano iliyopita wako wapi sasa? Nani huwalea wageni wanapoondoka? Kituo cha kweli kitajibu kwa majina ya wanyama na tarehe. Kituo ambacho kila msimu kina watoto wachanga wa kupakatwa, lakini hakiwezi kueleza waliokua wamekwenda wapi, kimekwishajibu.

Maswali hayo yanawahusu pia wenyeji. Afrika Kusini haikufikia ilipo kwa sababu wananchi wake hawapendi simba, bali kwa sababu vibali vilitolewa, fedha zikaingia, na ukaguzi ukachelewa hadi simba wa vizimbani wakawazidi wa porini. Tanzania bado ina simba wake walipostahili kuwa, yaani Serengeti, Ruaha na Nyerere. Kulinda hali hiyo kunaanza na kila kituo kukaguliwa kabla idadi ya wanyama wake haijapita uwezo wa kuwahudumia, na kila mwananchi kutoa taarifa pale anapomwona mtoto wa mnyamapori akikodishwa kwa ajili ya picha.