Mgeni na Mbwa Wake

Desturi ya kwenda mapumzikoni pamoja na mbwa imeenea duniani, na nyumba za wageni za mashambani katika nchi nyingi huwapokea wote wawili. Desturi hiyo ifikapo Rusizi, kandokando ya Ziwa Kivu, sisi askari na polisi hatuna budi kuielewa barabara.

Mgeni ni baraka, wala hatusemi mbwa wake afukuzwe. Lakini ruhusa ya mwenye nyumba huishia uani mwake. Nje ya hapo wako majirani. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa waliokosa wenyewe walikula maiti, na wanajeshi wakalazimika kuwapiga risasi. Mzee anayeshtuka leo aonapo mbwa asiyefungwa kamba hastahili kuchekwa.

Aidha, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Kinga yake ni kumchanja mbwa. Sokwe wa msitu wa Cyamudongo, ulio sehemu ya Hifadhi ya Nyungwe, hawana chanjo.

Kwa hiyo, askari wa mpakani amwelekeze mgeni kwa daktari wa mifugo pamoja na hati yake ya chanjo. Askari wa doria naye amhimize kwa adabu amfunge mbwa kamba, wala asimwingize msituni. Neno hilo likisemwa kwa heshima, mgeni hataona amefukuzwa, na jirani hataona amesahauliwa.