MOTOKAA NA MSHAHARA



Sisi tukaao Voi tuna jaribu ambalo wenzetu wa miji mingine hawalijui. Kila siku, mchana na usiku, motokaa zilizotoka melini Mombasa hupita mlangoni mwetu zikielekea Nairobi, na nyingine zaenda mbali hata Uganda. Zapita safi, zang'aa, na watoto wetu huzitaja kwa majina kabla hawajajua majina ya wajomba zao. Mtu akikaa kwenye kibaraza cha hoteli karibu na barabara kuu, akinywa chai yake, kwa muda wa saa moja ataona mali ambayo mshahara wa miaka ishirini hauwezi kuinunua. Si ajabu moyo ukatamani.

Twaandika habari hii kwa sababu tamaa hiyo sasa imefika mezani mwa halmashauri yetu. Wako wanachama walioomba chama kizungumze na waajiri ili makato ya mkopo wa motokaa yapitishwe moja kwa moja katika mshahara. Na wako wengine, hao ndio waliotutia uchungu, waliokuja kulalamika kwamba akiba yao imefungwa katika chama cha akiba na mikopo kwa sababu walimdhamini rafiki aliyenunua motokaa kisha akashindwa kulipa. Mmoja wao alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu.

Tunajua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba fedha za mtu ni jasho lake, na chama hakina haki ya kumwuliza anazitumiaje. Ni kweli, lakini mkopo wa mfanyakazi si fedha zake peke yake. Nyuma ya kila mkopo wako wadhamini watatu au wanne, na nyuma ya kila mdhamini kuna nyumba yenye watoto. Basi jambo hili ni letu sote, na tutalisema waziwazi.

Tufanye hesabu. Tumchukue mwenzetu mmoja wa mfano, afanyaye kazi Voi na kulala kwake Wundanyi, mwenye mshahara wa Sh. 60,000/- kwa mwezi. Kwa viwango vya mwaka 2025, kabla hajagusa shilingi moja, hukatwa kodi ya mapato, asilimia 6 ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya na asilimia 1.5 ya nyumba za serikali. Humfikia mkononi yapata Sh. 45,000/-. Ameona katika yadi motokaa ya Sh. 1,200,000/-, tena si ya kifahari sana. Anazo 200,000/- taslimu, na chama cha akiba kitampa 1,000,000/-, mara tatu ya akiba yake, kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi kwa deni linalobaki, alipe kwa miaka mitano.

Kila mwezi atalipa kama Sh. 22,250/-. Atabaki na yapata 23,000/-. Mkubwa wa mikopo atatia sahihi bila wasiwasi, kwa kuwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yakataza makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara, na huyu bado amebakiwa na zaidi ya theluthi moja. Karatasi zote ni halali.

Sasa aiwashe motokaa. Kutoka Wundanyi hadi Voi ni kilomita 40 hivi, kwenda na kurudi ni 80. Tukikadiria kilomita 12 kwa lita moja, jambo ambalo mlima wa Mwatate hautaliruhusu kwa urahisi, na lita moja kwa Sh. 180/-, atachoma Sh. 1,200/- kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 26,400/-. Yeye alibakiwa na 23,000/-.

Wala hatujataja bima. Mwenye mkopo hatakubaliwa bima ndogo ya mtu wa tatu, atatakiwa bima kamili, na hata tukiikadiria kwa asilimia 4 tu ya thamani ni 48,000/- kwa mwaka. Hatujataja matairi, fundi, wala vile vyuma vya chini vinavyoliwa na njia zetu za milimani. Hatujataja kodi ya nyumba, unga, wala kikombe kimoja cha chai. Basi huyu ndugu afanyeje? Afanya kama wafanyavyo wengi: motokaa aiegesha nyumbani chini ya turubai, yeye apanda matatu kuja kazini, na Jumapili huitoa kwenda nayo kanisani. Ama akopa kwa simu, halafu akopa kwingine kulipa ya simu, mpaka siku moja apeleka kitabu cha motokaa kwa mkopeshaji wa mjini, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuiona.

Yafaa pia kila mwenye tamaa hii ajue ni nani anayekula katika bei ile. Motokaa za mitumba ziletwazo Kenya haziruhusiwi kupita umri wa miaka minane. Ikifika bandarini hulipiwa ushuru wa forodha, kisha ushuru wa bidhaa juu yake, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya hizo zote. Ukishaitia barabarani walipa tena kwenye pampu. Mwezi wa Julai 2023 VAT ya petroli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwezi wa Julai 2024 tozo la kutengeneza barabara lilipanda kutoka Sh. 18/- hadi 25/- kwa kila lita. Mwaka huo huo wa 2024 serikali ilitaka pia asilimia 2.5 ya thamani ya kila motokaa kila mwaka. Mswada ule uliondolewa baada ya vijana kujaza barabara mwezi wa Juni, na wengine wakapoteza maisha yao. Wazo kama lile laweza kurudi kwa jina jingine.

Riba peke yake katika mkopo wetu wa mfano yapita Sh. 330,000/-. Serikali ilipoweka karo ya shule za bweni za kitaifa iliitaja kuwa Sh. 53,554/- kwa mwaka. Pigeni hesabu wenyewe: riba ile, mbali na deni lenyewe, ni zaidi ya karo ya miaka sita. Tena wako wazazi katika kaunti hii ambao watoto wao wamerudishwa nyumbani kwa deni lisilofika hata matairi mawili.

Na kuna ardhi. Hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya eneo lote la Taita Taveta, mashamba makubwa ya mkonge yamechukua sehemu yake, na watu wengi wa hapa wangali wakaaji tu juu ya ardhi ya babu zao bila karatasi. Katika nchi ya namna hiyo, kiwanja kidogo chenye hati halali, kilichochunguzwa vizuri katika ofisi ya ardhi, si jambo dogo. Motokaa uliyoinunua ikiwa na miaka saba, siku utakayomaliza deni itakuwa na miaka kumi na miwili, na atakayeitaka atakuja na bei ya chuma.

Na maji je? Tangu miaka ya 1950 bomba la Mzima limepeleka maji Mombasa, likipita katika nchi yetu, na hapa Voi mama bado anunua maji kwa mitungi. Mabati mazuri, mifereji na tangi la lita 10,000 vyaweza kumpumzisha mke na binti kazi ya kila siku. Twakiri kwamba hakuna jirani atakayesimama njiani kulitazama tangi. Halina honi.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi motokaa ni anasa ya wakubwa, sisi tutembee kwa miguu. Miaka ya 1960 watu wa Afrika Mashariki waliwatungia jina wale waliojifungia ndani ya magari makubwa baada ya uhuru, wakawaita Wabenzi, na jina lile lilikuwa la haki. Mwezi wa Februari 2021, wafanyakazi wengi wakiwa bado hawajainuka kutoka katika hasara ya korona, Tume ya Mishahara ilikubali mkopo wa motokaa wa madiwani wa kaunti ugeuzwe kuwa zawadi, Sh. 2,000,000/- kwa kila mmoja. Ndoto yao yalipiwa na kodi yetu, na ndoto yetu yalipiwa na chakula cha watoto wetu. Hapo ndipo penye dhuluma, si katika kutamani.

Tena kuna motokaa na motokaa. Mwanachama aliyenunua Probox kuukuu pamoja na ndugu zake wawili, akapeleka kabichi na nyanya za milimani hadi soko la Kongowea, na kurudi na bidhaa za duka, huyo amenunua jembe. Aliandika kila safari daftarini, na gari lilijilipia lenyewe. Huyo hatuna la kumwambia, ila tunamwomba asipakie kupita kiasi. Hata yule mwenye mgonjwa nyumbani, huko Kasigau au juu Sagalla, ambaye usiku wa manane hana njia ya kumfikisha hospitali ya Moi hapa Voi, haja yake ni haja ya kweli. Tunachouliza ni kama haja hiyo yahitaji gari la milioni, au kama ndugu wanne wa ukoo mmoja wangeweza kuwa na gari moja la nusu ya bei.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote. Tulipowauliza wale walioomba mkopo sababu yao, wengi hawakutaja fahari. Walisema: zamu yaisha saa nne za usiku na hakuna matatu. Mama mmoja afanyaye kazi ya hoteli alisema hutembea gizani kwenye barabara ambayo ndovu huivuka. Mwingine alisema nauli hupanda mvua ikinyesha, na kuchelewa kwa dakika kumi ni barua ya onyo. Watu hawa hawana ndoto ya motokaa hata kidogo. Wanataka kufika kazini na kurudi nyumbani wakiwa hai, na kwa kuwa mwajiri hakuwapa njia, wanataka kujinunulia njia hiyo kwa mkopo wa miaka mitano.

Kwa hiyo halmashauri yaona hivi. Hatutamwendea mwajiri yeyote kumwomba apitishe makato ya motokaa, maana tutakuwa tumemsaidia kututupia mzigo wake, naye atashukuru. Tutamwendea kwa usafiri wa zamu za usiku, na tutataka uandikwe katika mapatano, si ahadi ya mdomo ya meneja ambaye mwakani atahamishwa. Tutamwendea pia kwa posho ya nyumba. Sheria ile ile ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au fedha za kutosha kupanga nyumba. Mtu anayeweza kupanga karibu na kazi yake hana haja ya kuchoma petroli ya kilomita 80 kila siku.

Wawakilishi wa kila kituo watapita kuandika majina ya wanaotoka kazini baada ya saa mbili za usiku, wanalala wapi, na nauli wanayolipa. Tafadhali semeni kweli tupu. Ukiongeza kilomita tano mwajiri atazipima, na hesabu yetu yote itatiliwa shaka kwa sababu yako.

Na kwa wale ambao wameletewa fomu ya udhamini na rafiki, na wanaona haya kukataa: ileteni ofisini kabla ya kutia sahihi. Karani ataisoma mbele yenu mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, pamoja na ule mstari mdogo wa chini unaosema akiba ya mdhamini yaweza kuchukuliwa. Kazi hiyo haina malipo.