Tangi moja, ushuru wa aina mbili

Si haki kuwaita wenye boti za starehe Uingereza wakwepa kodi. Tangu Novemba 2008, dizeli nyekundu (ile itiwayo rangi kwa sababu ina nafuu ya ushuru) ya kuendeshea boti hizo hulipiwa ushuru kamili. Nafuu imebaki kwa ile ya kupashia joto na kuzalishia umeme. Shida ni kwamba tangi ni moja, na mgawo, mara nyingi 60 kwa 40, anautaja mnunuzi mwenyewe pale kwenye pampu. Nani atamkagua, samaki? Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliukataa utaratibu huo mwaka 2018, na Ireland ya Kaskazini ikahamia dizeli isiyotiwa rangi mwaka 2021. Kwingineko bado neno la nahodha linatosha. Wauziwe wote isiyo na rangi, wanaoishi botini warudishiwe chao.